Jinsi ya kutengeneza makala bandia ya kuchekesha kwa mtindo wa runinga ya Uingereza

Tamthilia ya kuchekesha inayojifanya makala ya kweli haina kicheko cha kurekodi wala muziki wa kumwashiria mtazamaji acheke wapi. The Office ilipoanza kurushwa na BBC Two Julai 2001, Ricky Gervais na Stephen Merchant waliiga aina ya makala ambayo Waingereza walikuwa wameyazoea katika miaka ya 1990: kamera inawafuata watu wa kawaida kazini, iwe uwanja wa ndege, hotelini au kwenye gari la mafunzo ya udereva, na taratibu watu hao wanaanza kujiona mastaa. Mtazamaji alikwishajua picha za namna hiyo zinavyotikisika, na jinsi mtu anavyobadilisha sauti akitambua anarekodiwa. Kichekesho kilijengwa juu ya ujuzi huo.

Kanuni inayoamua karibu kila kitu hapa chini ni hii: kikosi cha wapiga picha ni mhusika wa hadithi, hata kama hakionekani wala hakitoi neno. Shoti ambayo kikosi hicho kisingeweza kuipata, usiipige, hata iwe nzuri kiasi gani.

Kikosi kwanza, wahusika baadaye

Kabla ya kugusa mazungumzo, andika ukurasa mmoja kuhusu kikosi cha kubuni. Nani kawatuma? Wanatafuta nini? Nani kawaruhusu kuingia, na mlango gani hawaruhusiwi kuuvuka? Wako wangapi, na watakaa muda gani? This Country, iliyopigwa Northleach huko Gloucestershire na kurushwa na BBC Three kati ya 2017 na 2020, inajibu maswali hayo kwa maandishi machache tu kwenye skrini: makala yamekuja kutazama maisha ya vijana wa vijijini. Tangu hapo hakuna anayeshangaa kuona kamera imetulia na binamu wawili, Kerry na Kurtan, wanapogombea nani aweke chakula chake rafu ya juu ya oveni. Katika People Just Do Nothing (2014 hadi 2018) kamera zinafuata kituo cha redio kisicho na leseni huko Brentford, magharibi mwa London, na wahusika wanazikaribisha kwa sababu wanaamini umaarufu uko njiani.

W1A ilichukua njia nyingine. Iliingiza kamera ndani ya Broadcasting House, makao makuu ya BBC, na kumpa David Tennant kazi ya usimulizi. Ukitumia msimulizi, mweke upande wa makala: asome kwa utulivu, ataje siku na vyeo, na asijue kabisa kwamba kuna kichekesho. Msimulizi anayetafuta kuchekesha anawanyang'anya waigizaji kazi yao.

Kamera mbili na fundi sauti mmoja zinatosha kwa kikosi cha kubuni. Ukisema kina kamera moja, huwezi tena kuonyesha uso wa msemaji na uso wa msikilizaji katika sekunde ile ile; lazima kamera igeuke, au ikose. Tamthilia nyingi zinaruhusu mbili kimyakimya kwa sababu hiyo.

Kosa linaloua makala bandia mapema ni kamera inayojua mambo kabla hayajatokea. Mhusika anaingia stoo kulia peke yake, na kamera tayari imo ndani ikiutazama mlango. Nani aliwaambia? Mtazamaji huenda asiweze kulitaja kosa lenyewe, lakini ataacha kuamini. Tiba ni rahisi: kamera ifike imechelewa, ikute mlango umeshafungwa nusu, ipate bega na sauti tu.

Skripti

Msimu wa Kiingereza kwa desturi una vipindi 6. The Office yote ina vipindi 12 na kipindi maalumu cha Krismasi cha 2003 kilichogawanywa sehemu mbili, basi. Kwenye BBC, ambako hakuna matangazo ya biashara katikati, nafasi ya nusu saa hukupa karibu dakika 28 au 29 za picha. Kwa hesabu ya ukurasa mmoja kwa dakika, andika kurasa 32 ili upate za kukata.

Si lazima kila neno liandikwe. The Office ilitegemea sana skripti. People Just Do Nothing ilikuzwa na marafiki waliokuwa wakitunga papo kwa papo na kuweka video zao mtandaoni kabla runinga haijawachukua. Ukichagua njia ya kutunga papo kwa papo, andaa mpangilio wa kurasa 10 hadi 12, na kwa kila sini (onyesho moja) uandike mambo matatu: kila mtu anataka nini, anaificha nini kamera, na tukio gani linaifunga sini hiyo. Hilo la tatu ndilo linalosahaulika. Bila mwisho uliokubaliwa, waigizaji hodari watazungumza dakika 14 na mhariri atabaki na sekunde 50 zisizo na mkia.

Zoezi moja lifanywe kwa kila mhusika, hata mwenye mistari miwili. Kamilisha sentensi hii kwa niaba yake: "Makala haya yakirushwa, nataka watu waseme kwamba mimi ni..." David Brent, meneja katika The Office, anataka watu waseme yeye ni bosi anayependwa, mcheshi, rafiki wa wote. Kamera inarekodi kitu kingine. Pengo kati ya sentensi hiyo na tunachokiona ndilo chanzo cha kicheko, na mhusika asiye na pengo hilo ataishia kutoa utani tu, utani ambao ungefaa zaidi jukwaani.

Kabla ya kufunga skripti, kagua majina. Uingereza ina sheria kali ya kashfa, na meneja mjinga wa kubuni akigongana jina na meneja wa kweli wa kampuni ya kweli katika mji uleule, una kesi mkononi. Tafuta jina la kampuni yako kwenye daftari la kampuni zilizosajiliwa Uingereza, Companies House, ambalo linapekuliwa bure mtandaoni, kisha tafuta jina la kila mhusika pamoja na cheo chake na mji wake. Likigongana, badilisha jina la ukoo na ukague upya. Fanya hivyo kabla idara ya mapambo haijachapisha vitambulisho, barua na bango la mlangoni. Kubadilisha baadaye ni kuchapisha kila kitu tena.

Mahali na taa

The Office ilipigwa katika jengo la ofisi la Teddington Studios, kusini-magharibi mwa London, ingawa hadithi iko Slough. Ofisi halisi hukupa dari ya chini, zulia la kijivu na madirisha yasiyofunguka, vitu ambavyo ni ghali kuvijenga studio na vikijengwa huonekana safi mno.

Acha taa za dari ziwake. Hapa kuna jambo la kiufundi lisilo na mjadala: umeme wa Uingereza ni Hz 50, na taa za mirija za zamani humeta mara 100 kwa sekunde. Piga fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kila fremu kupokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, ili kila fremu ipokee mimeto miwili kamili. Mtu akiacha kamera kwenye fremu 30 na shata 1/60, mistari ya giza itapanda na kushuka ukutani, na hakuna mhariri atakayeitoa vizuri. Taa za LED za bei nafuu nazo zina mapigo yao wenyewe, kwa hiyo rekodi dakika moja ya ukuta mtupu siku ya kukagua mahali na uitazame kwenye skrini kubwa.

Ukihitaji mwanga zaidi, badilisha mirija ya dari yenyewe badala ya kusimamisha taa sakafuni. Kwanza rangi zitalingana. La muhimu zaidi, mpiga picha ataweza kugeuka nyuzi 360 bila kukuta stendi ya taa ndani ya fremu, na kugeuka huko ndiyo kazi yake ya siku nzima.

Watu wa nyuma wawe na kazi za kweli. Wape barua za kuchapa, orodha ya kupanga, simu yenye mtu upande wa pili. Anayeigiza kufanya kazi huinua macho mzaha unapotoka. Anayefanya kazi haangalii.

Kamera begani

Tumia kamera ya begani yenye uzito wa kilo 6 hadi 8. Kamera ndogo nyepesi hutetemeka kwa kasi, mtetemo wa mkono, na mtazamaji anapata kizunguzungu. Kamera nzito huenda na pumzi ya mpiga picha, polepole, na ndivyo zilivyokuwa kamera za makala ya zamani. Kama una nyepesi tu, ifunge kwenye fremu ya begani na uongeze uzito wa kilo 2 nyuma. Usimwambie mpiga picha atikise. Mwambie ajitahidi kabisa kuituliza, kisha mpe mahali pabaya pa kusimama.

Lenzi moja ya zumu, kama ya milimita 24–105 kwa kamera ya fremu kamili (yenye kihisio kikubwa), inatosha kipindi kizima. Upande mpana, 24 hadi 35, ni wa mtu aliyeikaribisha kamera: iko karibu naye, anaiongelesha. Upande mrefu, 80 hadi 105, ni wa mtu asiyejua au asiyetaka kurekodiwa; kamera imejibanza nyuma ya kabati au inapenya kati ya vipande vya pazia la dirisha. Umbali huo unasema jambo. Ukipiga ugomvi wa siri kwa lenzi pana ukiwa hatua moja kutoka kwao, mtazamaji anajiuliza kwa nini hawajamfukuza mpiga picha.

Piga kila sini kutoka mwanzo hadi mwisho bila kusimama, mara tatu au nne. Teki ya kwanza, mpiga picha asisome skripti ya sini hiyo. Afuate sauti kama alivyoweza. Teki ya pili afuate msemaji. Ya tatu abaki na msikilizaji tu, hata likitokea la kutokea upande mwingine. Ya nne ni ya vitu vidogo: mkono unaochezea kalamu, karatasi, simu inayowaka. Teki ya kwanza mara nyingi huwa na nusu ya shoti bora za siku, kwa sababu kamera inachelewa kikweli. Mtu anasema jambo zito kushoto, kamera bado iko kulia, inageuka, inavuka kidogo, inarudi, inatafuta fokasi. Kuchelewa huko kwa nusu sekunde ndiko kunakomshawishi mtazamaji kwamba hakuna aliyejua neno hilo litatoka. Baada ya teki tano, mpiga picha mzuri ameshaukariri mdundo na anafika kabla ya msemaji. Hapo badilisha kitu, ama nafasi ya kusimama au mpangilio wa nani aanze, au funga sini hiyo.

Kutafuta fokasi kusizidi sekunde moja. Zaidi ya hapo mtazamaji anaacha kusikiliza na kuanza kulihurumia jicho lake.

Jicho la mwigizaji kwenye kamera

Kila mhusika aitazame kamera kwa sababu yake, na sababu hiyo iandikwe. Brent huitazama kuhakikisha imeona alichofanya. Tim, mfanyakazi wake aliyeigizwa na Martin Freeman, huitazama kama mtu anayetafuta shahidi: umeyaona haya? Wote wawili wanafanya tendo moja la sekunde moja, lakini la kwanza ni kujionyesha na la pili ni kuomba msaada. Mhusika wa tatu huenda akaikwepa kabisa, na siku atakayoitazama kwa mara ya kwanza itakuwa tukio.

Jicho hilo ni mali inayoisha. Jiwekee kikomo, tuseme mara 8 hadi 10 kwa kipindi kizima kwa wahusika wote. Urefu wake ni kati ya fremu 12 na 20. Ikipita sekunde moja inageuka kuwa kukonyeza. Katika upigaji, omba teki mbili bila jicho lolote na moja tu yenye jicho, ili mhariri awe na uwezo wa kulitoa. Waigizaji wageni wa mtindo huu huitazama kamera kila baada ya mzaha, na matokeo yake ni kama kicheko cha kurekodi kimerudi kwa mlango wa nyuma.

Sauti

Kila mwigizaji mwenye mistari avae maiki ndogo nguoni, na fundi sauti abebe maiki ya fimbo kwa chumba. Uingereza maiki zisizo na waya kwenye chaneli 38, yaani MHz 606.5 hadi 613.5, zinahitaji leseni ya Ofcom, mamlaka ya mawasiliano. Zile za MHz 863 hadi 865 hazihitaji, ila masafa ni finyu, na ukiweka maiki nyingi humo zitaanza kuingiliana. Zima friji, mashine ya kunakili na viyoyozi wakati wa mazungumzo, kisha rekodi sauti ya kila kimoja peke yake kwa dakika 2. Utazirudisha kwenye uhariri kwa kiwango unachokitaka.

Maiki ya nguoni ni sehemu ya hadithi pia. Katika kipindi cha mwisho cha msimu wa pili wa The Office (2002), Tim anaondoka katikati ya mahojiano, anamchukua Dawn, mhudumu wa mapokezi anayempenda, na kuingia naye chumba cha mkutano, kisha anaichomoa maiki yake. Sauti inakatika. Kamera imebaki nje ya kioo, tunaona midomo tu. Anarudi kwenye dawati lake, anairudisha maiki, na kuieleza kamera kwamba Dawn amekataa. Mbinu hiyo iliwezekana kwa sababu tangu kipindi cha kwanza mtazamaji ameishi na kamera na maiki kama vitu vilivyomo chumbani. Ukitaka kujaribu kitu cha namna hiyo, panda mbegu mapema: waya unaoonekana shingoni, mtu anayesahau kuvua maiki akienda chooni, fundi sauti anayeombwa kurekebisha. Na sauti ikikatika, ikatike kabisa. Ukiweka muziki hapo, umekiri kwamba kuna mtu mwingine anayesimamia hadithi.

Mahojiano

Panga mahojiano 6 hadi 8 kwa kipindi, ya sekunde 20 hadi 40 kila moja. Muulizaji akae pembeni mwa lenzi, sentimita 15 hadi 20, macho yake yakiwa kimo sawa nayo, na mwigizaji amwangalie yeye. Ukimwacha atazame lenzi moja kwa moja kwenye mahojiano, lile jicho la wizi ndani ya sini litapoteza nguvu.

Muulizaji awe mtu anayeuliza kweli, asiyesoma skripti kwa sauti ya uchovu. Rekodi dakika 10 bila kusimama ili upate nusu dakika. Jibu zuri mara nyingi huja baada ya mwigizaji kumaliza mistari yake na muulizaji kukaa kimya tu. Mhusika akiona ukimya ataujaza, na ataujaza kwa jambo ambalo hakutaka kulisema. Kata swali lenyewe kwenye uhariri.

Usitumie mahojiano kueleza mzaha uliokwisha kuonekana. Yatumie kuupinga: mtu anadai ana subira, kata, tunamwona akipigana na mashine ya kunakili. Weka akiba ya siku moja mwishoni mwa ratiba kwa ajili ya mahojiano ya kuziba mapengo yaliyogunduliwa na mhariri, na piga picha ya nguo, nywele na kiti cha kila mhojiwa ili mwendelezo usivunjike.

Ratiba na vibali

Siku 5 za upigaji kwa kipindi ni kiasi kinachowezekana, saa 10 za kazi na saa 1 ya chakula. Piga kwa mahali, usifuate mpangilio wa vipindi. Barabara na viwanja vya umma omba kwa halmashauri ya eneo. Mtoto yeyote wa umri wa shule anaweza kuhitaji leseni ya kuigiza kutoka halmashauri anakoishi, kwa hiyo peleka maombi wiki kadhaa kabla. Mpita njia anayetambulika na kuzungumza atie sahihi fomu ya ridhaa papo hapo.

Uhariri

Kata kama mhariri wa makala, anayetumia alichonacho. Mruko wa picha ndani ya mahojiano unaruhusiwa. Mkato safi wa nyuso mbili zinazojibizana, wa kwenda na kurudi kila mstari, hauruhusiwi, unanukia studio. Kwa kuwa hakuna kicheko cha kusubiri, baada ya mstari wa kuchekesha acha fremu 10 hadi 15 za uso wa mtu mwingine kisha uondoke. Pale aibu inapokuwa kubwa fanya kinyume: kaa sekunde 3 au 4 kwenye uso wa aliyejiaibisha, hadi aanze kutafuta pa kuweka mikono.

Shoti za kujaza, kama mashine inayotoa karatasi au mtu anayechapa, ziwe sekunde 3 kila moja na zitumike kuingia na kutoka kwenye sini. Zinampa mtazamaji nafasi ya kupumua, na zinafunika mikato mibaya ya sauti.

Kabla ya kupeleka kazi kwa fundi wa kuchanganya sauti, tazama kipindi kizima sauti ikiwa imezimwa. Kila utakapojiuliza kamera ilifikaje pale, andika dakika na sekunde. Shoti hizo ziondoke au zibadilishwe sasa, kwa sababu sauti ikishasawazishwa kwenye kiwango cha LUFS -23 (kipimo cha ukubwa wa sauti) kinachodaiwa na vituo vya runinga vya Uingereza, kila fremu utakayoigusa inamrudisha fundi kazini.